Mota haikomi, mchezo hauanzi: pa kuanzia kufufua pinboli ya zamani ya rilei

Swali: Nimepewa mashine ya pinboli (mchezo wa kupiga mpira wa chuma kwenye meza iliyoinama ili kupata alama) ya kampuni ya Gottlieb, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya mchezaji mmoja. Imekaa stoo miaka mingi. Nilipoichomeka taa ziliwaka, lakini nikibonyeza kitufe cha kuanza, mota iliyo ndani inazunguka bila kukoma, namba za alama zinagongagonga, na mchezo hauanzi. Nimeshauriwa nizipige msasa pointi zote, yaani sehemu za swichi zinazogusana kupitisha umeme, kisha nipulizie mafuta. Mimi si fundi umeme. Nimewahi kulehemu kidogo tu. Nianzie wapi? Na je, ni bora ning'oe nyaya zote niweke kompyuta ndogo?

Jibu: Ndugu yangu, msasa uweke kando. Dalili ulizoeleza ni za mashine ambayo sehemu kubwa yake ni nzima. Transfoma inatoa umeme, mota inazunguka, kitufe cha kuanza kinasikika, ngoma za namba (magurudumu yanayoonyesha alama) zinapokea mapigo ya umeme. Mota haikomi kwa sababu inangoja jambo fulani likamilike, nalo halikamiliki. Kazi yako ya kwanza ni kulitafuta jambo hilo. Ukisaga pointi zote leo, kesho utakuwa na hitilafu uliyoikuta pamoja na nyingine ulizozizaa mwenyewe, na hutaweza tena kuzitenganisha.

Kabla ya yote, chomoa plagi. Nasema chomoa, sisemi zima. Katika mashine nyingi za Gottlieb za zama hizo, swichi iliyo chini ya kabati huiachilia tu rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) inayoshikilia mchezo. Transfoma hubaki na umeme muda wote plagi ikiwa ukutani. Ukiingiza mkono ndani ukidhani umezima, unaingiza mkono penye umeme. Kagua waya wa umeme uone kama mpira wake umepasuka, na kama ni wa nyaya mbili, ubadilishe uweke wa nyaya tatu. Waya wa ethi uufunge imara kwenye vyuma vyote unavyoweza kuvigusa ukicheza: mlango wa sarafu, reli za pembeni, miguu. Hapa pakikutatiza, mwite fundi umeme kwa kazi hiyo moja tu. Mashine hizi zilitengenezwa eneo la Chicago kwa umeme wa Marekani, takriban volti 120 na hezi 60. Kama umeme wako ni wa volti 230, angalia transfoma imeunganishwa kwa volti ngapi, maana nyingine zilitoka kiwandani zikiwa za kuuzwa nje na nyingine huhitaji transfoma ya kupunguza. Kwenye hezi 50 mota itazunguka polepole kidogo. Huo si ugonjwa.

Kagua fyuzi zote ulinganishe na ukubwa ulioandikwa kwenye lebo au kwenye mchoro wa umeme. Mara nyingi utakuta mtu aliwahi kuweka kubwa kuliko inayotakiwa ili isikatike. Irudishe kwenye ukubwa wake. Koili (waya uliozungushwa, unaogeuka sumaku ukipata umeme) ikikwama kwenye umeme huungua ndani ya muda mfupi, na fyuzi sahihi ndiyo inayokuokoa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiache mota ikizunguka huku ukitafakari. Iwashe kwa sekunde chache, tazama, chomoa.

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe. Ndani ya kabati hakuna bodi wala chipu hata moja. Kumbukumbu ya mchezo imo kwenye vyuma: rilei iliyovuta au iliyoachia, gurudumu la hatua (linalosogea hatua moja kwa kila pigo) lililosimama kwenye tundu la nne, ngoma ya namba iliyoonyesha 7. Mota ya alama ndiyo inayopanga saa ya mambo. Juu ya mhimili wake kuna visahani vyenye mabonde na vilima, na kila kisahani hufungua na kufunga swichi zake kwa mpangilio uleule kila mara. Kwenye Gottlieb, kazi moja ya mota ni theluthi ya mzunguko. Mpira ukigonga shabaha ya pointi 50 (hapa pointi ni alama za mchezo), rilei inavuta, mota inazunguka theluthi hiyo na kutoa mapigo matano ya pointi 10, kisha inasimama. Sikiliza utasikia kengele mara tano. Unaweza kuona kwa macho kila uamuzi unaofanywa na mashine, na kwa maoni yangu hakuna chombo bora cha kujifunzia umeme wa mantiki kuliko hiki.

Mchezo unapoanzishwa, kazi kubwa ya kwanza ni kurudisha namba zote kwenye sifuri. Kila ngoma ina koili yake, ndoano, na gurudumu lenye meno. Pigo moja la umeme, jino moja, namba moja. Mota hutuma mapigo mfululizo kwa ngoma zote. Ngoma ikifika 0, kisahani kidogo kilicho pembeni yake hufungua swichi ya sifuri, na mapigo hayaifikii tena. Swichi nyingine kwenye ngoma hizohizo huunda mnyororo unaoshikilia rilei ya kurudisha. Mnyororo huo hukatika pale tu ngoma ya mwisho inapofika sifuri. Hapo rilei inaachia, mota inasimama, mpira unaletwa. Ngoma moja tu ikigoma, mota itazunguka mpaka fyuzi au koili imalizike.

Kwa hiyo fungua kichwa cha mashine (kisanduku cha juu chenye namba), weka kioo cha nyuma mahali salama, uzitazame ngoma huku mtu mwingine akibonyeza kitufe cha kuanza. Utaona moja ya mambo matatu.

Ngoma moja imeganda, nyingine zimefika sifuri. Chomoa, kisha uisukume kwa kidole pistoni ya koili yake. Ikienda kwa uzito au isirudi haraka, tatizo ni la kimakanika: grisi ya zamani imekauka ikanata, au springi imelegea. Ikienda kwa wepesi, basi pigo haliifikii. Swichi yake ya sifuri imechafuka au haigusani, au waya umeachia lehemu.

Ngoma inazunguka, inafika 0, inapita, inaendelea na safari. Swichi yake ya sifuri haifunguki. Mabamba yake yamepinda na kubaki yamegusana, na hata kijipande cha lehemu kilichodondokea katikati kinatosha kuleta hali hiyo.

Zote zimesimama kwenye sifuri lakini mota inaendelea. Hapa ngoma hazina hatia ya kusogea; tazama zile swichi za mnyororo, kisha rilei ya kurudisha yenyewe, kisha gurudumu la kuhesabu mipira, ambalo nalo hutakiwa kurudi mwanzo. Mwishowe tazama swichi ya kwenye mota inayoisimamisha ikifika nyumbani, yaani mahali pake pa kupumzika.

Jaribio moja litakupunguzia nusu ya kazi. Plagi ikiwa nje, zisogeze ngoma zote kwa mkono hadi 0. Hakikisha mpira upo kwenye shimo lake la kutokea, lile la chini unapoangukia ukipotea, kwa kuwa mashine nyingi hazianzi bila mpira. Chomeka, bonyeza. Mota ikisimama na mchezo ukaanza, umethibitisha kwamba kasoro iko kwenye kuzirudisha ngoma, na swichi mia nyingine zilizomo ndani hazihusiki kabisa. Isipokoma, acha ngoma uende kwenye mnyororo.

Kwa kazi hii unahitaji mchoro wa umeme wa mashine yako hasa, kwa jina la mchezo. Mara nyingi nakala ya asili ilibanwa ndani ya kabati. Ikiwa panya wameila, michoro ya michezo mingi ya Gottlieb bado inapatikana. Usitishwe na ukubwa wake. Mchoro umechorwa katika hali moja ya mchezo, iliyoandikwa pembeni kwa maneno machache, na mota ikiwa nyumbani. Swichi iliyochorwa wazi huwa wazi katika hali hiyo tu. Soma maelezo hayo kwanza. Watu wengi hukwama kwa sababu wanafikiri mchoro unaonyesha mashine iliyozimwa. Kisha tafuta mota, weka kidole kwenye mstari wake, ufuate kurudi nyuma: ni swichi zipi zinaweza kuipa umeme? Zitakuwa chache, na moja kati yake imefungwa wakati haistahili. Jibu la swali lako limo kwenye mstari huo.

Sasa pointi. Swichi hizi ni mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa kwa tabaka, kila bamba likiwa na kitufe kidogo mwishoni. Vitufe vingi vina fedha, na fedha iliyofifia rangi bado hupitisha umeme vizuri. Msasa huichuna fedha hiyo na kuacha mikwaruzo inayokusanya uchafu. Kwa swichi nyingi inatosha kuchukua kipande cha kadi ngumu, ukilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili, ukipitishe katikati huku ukiyabana mabamba kwa kidole, mpaka kadi itoke safi. Palipoungua na kuota vishimo, tumia tupa laini kabisa inayopindika, mapitio mawili matatu, basi. Isipokuwa zile za flipa (vibao vya kupigia mpira), ambazo nitazifikia.

Kabla ya kupinda bamba lolote, kaza skrubu zinazoshikilia tabaka zima. Vipande vya kuhami vya kati hukauka kwa miaka, tabaka hulegea, na swichi iliyokuwa sawa huonekana mbovu. Kazi kubwa ya kurekebisha huisha hapo. Bado ikihitajika, pinda bamba lililosimama, karibu na shina lake, kwa kifaa chenye ufa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bamba linalosukumwa usiliguse. Swichi ikiwa wazi, acha nafasi ya milimita moja na nusu hadi tatu. Ikifunga, pointi zikigusana, mabamba yaendelee kusukumana kidogo ili vitufe visuguane. Msuguano huo ndio unaovisafisha kila mara mchezo unapochezwa. Mashine iliyokaa kimya miaka mingi imeukosa, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu nzima ya ugonjwa wake.

Rekebisha swichi moja, jaribu, andika ulichofanya. Sitachoka kulisema hili kwa anayeanza. Mashine yako iliwahi kufanya kazi na nyaya zake zote zikiwa hapo zilipo, hivyo usirekebishe kitu ambacho hujathibitisha kwamba kimekosea.

Kuhusu mafuta ya kupuliza, jibu ni hapana, popote pale. Yanabeba vumbi hadi kwenye pointi, yanalainisha vitu visivyotakiwa kulainishwa, na baadhi yake hushika moto cheche ikiruka. Pistoni za koili hufanya kazi zikiwa kavu. Zitoe, zifute, safisha au badilisha mrija ulio ndani ya koili. Mirija mipya ya nailoni hupatikana, na ile ya zamani ya chuma ikishajikunja ni bora uitupe. Badiliko hilo dogo huirudishia mashine nguvu kuliko watu wanavyotarajia.

Panapohitaji subira ni kwenye magurudumu ya hatua: la kuhesabu mipira, la michezo iliyobaki, na mengine kutegemea mchezo wako. Haya yana vidole vya shaba vinavyotambaa juu ya sahani yenye vichwa vya ribiti, na katikati kuna mhimili uliotiwa grisi kiwandani. Grisi hiyo sasa ni ngumu. Gurudumu linalotakiwa kurudi mwanzo kwa nguvu ya springi hurudi nusu ya njia, na mashine inaamini kwamba tayari uko kwenye mpira wa tatu. Piga picha kutoka pembe zote kabla ya kufungua. Ukifika kwenye springi ya kujikunja, hesabu imezungushwa mara ngapi inapoachia, uandike, kwa kuwa utairudisha vivyo hivyo. Osha mhimili kwa spiriti mpaka chuma kionekane, sugua vichwa vya ribiti kwa kitambaa kikavu chenye ukali mdogo, futa vumbi lote la shaba kati yake, kisha upake tone la mafuta mepesi kwenye mhimili pekee. Fungua gurudumu moja kwa wakati mmoja. Meza yenye vipande vya magurudumu matatu imewakatisha wengi tamaa wakaacha kazi katikati.

Flipa zina jambo lake. Gottlieb ndiyo iliyoleta flipa katika mchezo wa Humpty Dumpty mwaka 1947, mbunifu akiwa Harry Mabs. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa akiusukuma mpira na kutikisa meza tu. Koili ya flipa ina sehemu mbili: moja ya nguvu nyingi ya kupiga, na nyingine ya nguvu kidogo ya kushikilia. Swichi ya mwisho wa mwendo hubaki imefungwa flipa ikiwa chini, na hufunguka flipa inapofika juu ili umeme uhamie kwenye sehemu ya kushikilia. Isipofunguka, koili hupata nguvu zote muda wote umeshika kitufe, nayo itafuka moshi. Ikiwa chafu, flipa hupiga kwa unyonge. Pointi zake ni za tangsteni, ngumu, na hapa ndipo tupa ya chuma inapofaa. Unaweza kupima bila umeme: weka multimita kwenye koili usome omu chache, kisha inua flipa kwa mkono, namba ikipanda waziwazi, swichi inafanya kazi. Isipopanda, usiiwashe mashine mpaka uirekebishe.

Sasa kompyuta ndogo. Sikushauri. Sisemi hivyo kwa kuabudu vya kale. Ukiziondoa rilei bado utabaki na koili, swichi, taa na ngoma zilezile zilizochakaa, na zote zitahitaji usafi uleule. Juu yake utakuwa umeongeza kazi ya kutengeneza saketi za kuendesha koili na kuandika programu ya mchezo mzima. Viwanda vyenyewe vilihamia elektroniki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mashine zao ziliundwa kwa hilo tangu mwanzo. Yako iliundwa kwa rilei, na inaweza kutengenezwa kwa tupa, lehemu na macho. Koili mpya, mabamba ya swichi, raba na balbu bado vinatengenezwa. Zaidi ya hayo, ukiing'oa akili yake, mashine hairudi tena kuwa ile iliyobuniwa, na za namna hii hazitengenezwi upya.

Kuna mambo machache yanayoharibiwa na haraka. Kioo cha nyuma kimepakwa rangi upande wa ndani, na rangi hiyo hubanduka. Usiifute kwa maji wala dawa yoyote upande huo. Vumbi lipulize kwa pumzi au brashi laini sana, basi. Joto la balbu ndilo adui yake, kwa hiyo ukibadilisha balbu za volti 6 weka namba 47, inayotumia miliampea 150, badala ya namba 44 inayotumia 250. Ubao wa kuchezea unyonye vumbi, ufute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu, kisha nta. Maji yakiingia kwenye nyufa za rangi hunyanyua mbao. Raba zote badilisha kwa pamoja. Mpira ukiwa na kutu utupe, kwa sababu mpira wenye vishimo hulima rangi ya ubao kila unapopita. Mpya una kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi.

Mota ikishasimama na mchezo ukaanza, cheza taratibu ukiwa na daftari. Gonga kila shabaha kwa mkono uhesabu kengele. Pointi 50 zikitoa milio mitano lakini ngoma ikasogea mara nne, tatizo ni la ngoma: springi, ndoano au grisi. Milio nayo ikiwa minne, rudi kwenye swichi ya mapigo iliyo juu ya mota. Sikio lako litaanza kuitambua tofauti hiyo kabla hujafungua kichwa.

Usipofanikiwa kuisimamisha mota, niandikie tena unitajie jina la mchezo, ngoma zimegota kwenye namba zipi, na ni rilei zipi zilizobaki zimevuta wakati mota inazunguka. Kila rilei ina lebo yake ya karatasi pembeni au herufi iliyogongwa. Nakili kama ilivyo, hata kama huelewi maana yake.